Tiketi imekabidhiwa, barua haijafika: jinsi Redmine inavyoamua nani apate arifa

Redmine, programu ya kusimamia kazi za timu kwa tiketi, haimtumii mtu arifa kwa sababu tu jina lake limeandikwa kwenye tiketi. Kabla barua pepe haijatoka, programu hii hupitia maswali manne. Je, tukio hili limewekwa miongoni mwa yanayotangazwa? Ni akina nani wanahusika nalo, na je, wana ruhusa ya kuiona tiketi? Kila mmoja wao amechagua kuarifiwa mambo gani? Na mwisho, je, kuna njia ya kuitoa barua kwenye seva? Jibu la "hapana" kwa swali moja tu hulizima jambo zima kimya kimya: aliyekabidhi kazi haoni onyo lolote, na aliyekabidhiwa hajui kama kuna kazi inamsubiri.

Wasimamizi wengi wakiambiwa "sijapata arifa" hukimbilia swali la nne. Hubadilisha porti (namba ya mlango wa mtandao), hubadilisha nenosiri, huilaumu seva ya barua. Mara nyingi barua haikutumwa kabisa, kwa sababu ilishakwama kwenye swali la pili au la tatu.

Maelezo haya yanahusu Redmine uliyoiweka kwenye seva yako mwenyewe. Majina ya menyu yametajwa kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili usiyatafute.

Njia ya kutuma

Tuanzie mwisho, maana bila njia hii mengine hayapimiki. Redmine mpya haitumi barua yoyote. Ukifungua "Administration", kisha "Settings", kisha kichupo cha "Email notifications", utakuta ujumbe unaosema barua pepe haijasanidiwa na arifa zimezimwa. Ujumbe huo hauondoki kwa kubofya popote. Unaondoka kwa kuhariri faili lililoko kwenye seva.

Ndani ya folda ya `config` kuna faili la mfano, `configuration.yml.example`. Linakili kwa jina la `configuration.yml`, kisha weka sehemu hii:

```
production:
  email_delivery:
    delivery_method: :smtp
    smtp_settings:
      address: smtp.example.com
      port: 587
      domain: example.com
      authentication: :login
      enable_starttls_auto: true
      user_name: "kazi@example.com"
      password: "nenosiri"
```

Nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari ni sehemu ya maana ya faili lenyewe. Tumia kitufe cha nafasi, kamwe usitumie Tab; Tab moja inatosha kuifanya Redmine ikatae kuwaka. Ukishahifadhi, washa programu upya, kwa sababu faili hili husomwa wakati wa kuwaka tu. Kuna wanaokaa saa nzima wakibadilisha nenosiri bila kuwasha upya, na kila jaribio linatumia lile la mwanzo.

Porti 587 huanza mazungumzo wazi kisha huyasimba, yasisomwe na wengine, kwa njia iitwayo STARTTLS. Porti 465 hutaka mawasiliano yasimbwe tangu neno la kwanza, hivyo ukiitumia ongeza mstari wa `ssl: true`, la sivyo muunganisho utaning'inia hadi muda uishe. Porti 25 ni ya seva kwa seva, na kampuni nyingi za kukodisha seva huifunga kwa makusudi ili kuzuia barua taka. Nyingine hufunga hata 587 kwa wateja wapya mpaka waombe. Kabla hujatilia shaka nenosiri, jaribu kama mlango wenyewe uko wazi:

```
nc -vz smtp.example.com 587
```

Ikining'inia bila jibu, tatizo ni mtandao, si Redmine.

Wanaotuma kupitia Gmail wakumbuke kwamba tangu 2022 Google haikubali tena nenosiri la kawaida la akaunti binafsi kutoka kwa programu za aina hii. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti, kisha tengeneza nenosiri la programu, lenye herufi 16, na hilo ndilo uliweke kwenye faili.

Mambo mawili mengine husahaulika. La kwanza ni anwani ya mtumaji, "Emission email address", iliyoko kwenye kichupo kilekile cha arifa. Iwe ya kikoa kilekile cha akaunti inayotuma, vinginevyo seva itaikataa au barua itaishia kwenye taka. La pili ni "Host name and path", iliyoko kwenye kichupo cha "General". Isipobadilishwa hubaki `localhost:3000`, na kila kiungo ndani ya barua kitamwelekeza mpokeaji kwenye kompyuta yake mwenyewe, ambako hakuna kitu. Weka kikoa halisi bila `https://`, kwa sababu itifaki ina kisanduku chake hapo hapo.

Sasa bofya "Send a test email" chini ya ukurasa wa arifa. Ikifika, umejibu swali la nne na hilo tu. Barua ya majaribio huenda moja kwa moja kwa msimamizi aliyeibofya. Haipiti kwenye maswali ya tukio, ya uhusika wala ya mapendeleo. Kwa hiyo kusema "barua ya majaribio inafika, basi arifa zinafanya kazi" ni kuharakisha.

Tukio

Kwenye ukurasa huohuo kuna orodha ya matukio yenye visanduku vya kuweka alama ya vema. Kwa kawaida Redmine huja na mawili yaliyowashwa: tiketi kuongezwa na tiketi kusasishwa. Hilo la pili ni pana mno. Linajumuisha kila kitu: mtu akibadilisha asilimia ya maendeleo, akirekebisha tahajia kwenye maelezo, akiongeza saa mbili za kukadiria, barua inatoka. Timu ya watu kumi ikifanya kazi hivyo kwa wiki moja, wote wataanza kufuta barua za Redmine bila kuzifungua, ikiwemo ile moja iliyosema "kazi hii sasa ni yako".

Chini ya tukio hilo pana kuna matukio madogo: maoni kuongezwa, hali kubadilika, aliyekabidhiwa kubadilika, kipaumbele kubadilika. Likiwa limewashwa lile pana, haya madogo hayana maana, kwani tayari yamo. Ukitaka arifa za kukabidhiwa kazi zibaki na uzito, ondoa alama kwenye "Issue updated", kisha weka kwenye "Issue added", "Note added", "Status updated" na "Assignee updated". Hayo manne yanatosha kwa timu nyingi. Hariri za kimyakimya bado zitaonekana kwenye historia ya tiketi kwa anayezitaka.

"Issue added" isiachwe. Tiketi inayokabidhiwa mtu tangu inapoundwa haihesabiwi kuwa imebadilishiwa mkabidhiwa. Ni tiketi mpya. Ukiwasha "Assignee updated" peke yake, kazi zinazozaliwa zikiwa na mwenyewe hazitatangazwa kabisa, na hizo kwa timu nyingi ndizo nyingi zaidi.

Nani anahusika, na je, anaruhusiwa kuona?

Tukio likishapita, Redmine hukusanya majina: aliyeiandika tiketi, aliyekabidhiwa, aliyekuwa amekabidhiwa kabla ya mabadiliko haya, wafuatiliaji waliojiweka au waliowekwa kwenye tiketi, na wanachama wa mradi waliochagua kupata kila kitu. Huyu aliyekabidhiwa zamani yumo kwa sababu nzuri. Kazi ikihamishwa kutoka kwake, ni haki yake kujua aache kuifanya.

Kisha huja mchujo. Akaunti iliyofungwa hutolewa. Asiye na ruhusa ya kuiona tiketi hutolewa pia, na hapa ndipo wengi wanakwama bila kujua. Kila wadhifa wa mtumiaji kwenye mradi ("role") una kipimo cha "Issues visibility": tiketi zote, zote zisizo za faragha, au zile tu ambazo mtu ameziandika au amekabidhiwa. Mtu aliyekabidhiwa kazi, kisha akaondolewa kwenye mradi usio wa wazi, jina lake hubaki kwenye tiketi lakini haruhusiwi tena kuifungua. Tiketi itaonekana ina mwenyewe, ilhali mwenyewe hapati neno. Maoni ya faragha nayo yana mchujo wake: humfikia tu mwenye ruhusa ya kuyasoma, hata kama tiketi ni yake.

Kukabidhi kundi badala ya mtu kunawezekana, ila kumezimwa mwanzoni. Kuwashe kwenye kichupo cha "Issue tracking", kwa kuweka alama kwenye "Allow issue assignment to groups". Baada ya hapo kila mwanakundi hupata barua yake. Tahadhari ni ya kibinadamu zaidi kuliko ya kiufundi: kazi ya kundi la watu sita husomwa na sita, na kila mmoja hudhani mwingine ameishika. Kundi linafaa kwa kupokea, kwa mfano dawati la msaada. Mtu mmoja ajikabidhi mara anapoanza.

Mapendeleo ya mtumiaji

Hapa ndipo arifa nyingi hupotelea. Kila mtumiaji, kwenye ukurasa wake wa "My account", ana orodha ya kuchagua anachotaka kuarifiwa. Msimamizi huona orodha hiyohiyo akimfungua mtumiaji kwenye "Administration", kisha "Users". Chaguo zenyewe zinataka kusomwa polepole.

"For any event on all my projects" hutuma kila kitu. "For things I watch or I'm involved in" ndilo la kawaida, na humpa mtu habari za tiketi alizoziandika, alizokabidhiwa na anazozifuatilia. "For things I watch or I am assigned to" huondoa zile alizoziandika tu, na ndilo linalomfaa mtendaji anayetaka kuona kazi zake pekee. Lile la miradi iliyochaguliwa humpa matukio yote ya miradi hiyo, na kwenye miradi mingine bado humwarifu tiketi alizoziandika au alizokabidhiwa, kwa hiyo halina hatari.

Lenye mtego ni "For things I watch or I am the owner of". Mtu huona neno la umiliki akafikiri ni kazi zake. Redmine humaanisha aliyeiandika tiketi. Aliyechagua hilo hatapata barua akikabidhiwa kazi iliyoandikwa na mwingine, isipokuwa awe mfuatiliaji wake. Na "No events" hufunga kila mlango: hata ufuatiliaji haumsaidii aliyelichagua.

Chini yake kuna kisanduku kisemacho "I don't want to be notified of changes that I make myself". Ni chaguo zuri kwa kazi za kila siku, lakini huharibu majaribio. Msimamizi hujikabidhi tiketi, husubiri barua, haiji, anaamini mfumo umevunjika. Jaribu daima kwa akaunti mbili: moja ikabidhi, nyingine ipokee.

Chaguo la mwanzo kwa watumiaji wapya huwekwa na msimamizi kwenye mipangilio, kwa jina la "Default notification option". Neno la kuzingatia hapo ni "wapya". Kulibadilisha hakuwagusi waliokwisha kusajiliwa. Kila mmoja hubaki na alichonacho. Kama akaunti nyingi ziliingizwa kwa pamoja zikiwa zimezimiwa arifa, kuzifungua moja moja ni adhabu. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza, kisha fungua konsoli, yaani dirisha la kuiandikia Redmine amri, kwa `bundle exec rails console -e production` na uandike mstari huu, unaowahamisha wenye "No events" kwenda "For things I watch or I am assigned to":

```
User.active.where(mail_notification: 'none').update_all(mail_notification: 'only_assigned')
```

Waambie watu kabla hujafanya hivyo. Baadhi yao walizima kwa makusudi, na wana sababu.

Ukumbusho wa tarehe za mwisho

Arifa zote za hapo juu hutokea mtu anapogusa tiketi. Tiketi isiyoguswa na yeyote haitamkumbusha mtu, hata tarehe yake ya mwisho ikipita. Kwa hilo kuna amri ya pekee, nayo haijiendeshi. Lazima uipangie ratiba kwa cron, kipanga ratiba cha seva. Weka faili kwenye `/etc/cron.d` lenye mstari huu mmoja:

```
0 5 * * 1,4 redmine cd /opt/redmine && /usr/local/bin/bundle exec rake redmine:send_reminders days=4 RAILS_ENV=production >> /opt/redmine/log/ukumbusho.log 2>&1
```

Amri hii humtumia kila aliyekabidhiwa barua moja yenye orodha ya tiketi zake zilizo wazi ambazo tarehe yake iko ndani ya siku 4 zijazo, pamoja na zote zilizokwisha kuchelewa. Usipotaja `days`, huchukua 7. Unaweza kuibana kwa mradi mmoja, kwa aina ya tiketi au kwa watumiaji fulani, kwa mfano `users="3,14"`, ambapo tarakimu ni namba zao kwenye Redmine. Tiketi isiyo na tarehe ya mwisho haimo, na isiyo na mkabidhiwa haimo. Timu isiyo na desturi ya kujaza tarehe haitapata ukumbusho wowote.

Jumatatu na Alhamisi zimechaguliwa kwa hesabu: siku 4 kutoka Jumatatu zinafika Ijumaa, na siku 4 kutoka Alhamisi zinavuka wikendi hadi Jumatatu. Ukumbusho wa kila siku unavutia unapouweka, ila kwa kuwa zilizochelewa hurudiwa kila mara, barua ya leo huwa sawa na ya jana, na baada ya wiki mbili hakuna anayeisoma.

Saa nayo ina mtego wake kwetu. Cron husoma saa 24 zinazoanzia usiku wa manane, na seva nyingi za kukodi zimewekwa kwenye UTC, saa ya kimataifa. Saa 2 asubuhi ya Nairobi au Dar es Salaam ni 08:00, ambayo kwa UTC ni 05:00. Ndiyo maana mstari unaanza na `0 5`. Aliyeko Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, saa moja nyuma, aandike `0 6`. Ukiandika 2 ukiwaza saa mbili, watu wa Nairobi watapokea barua saa 11 alfajiri. Angalia saa za seva kwa `timedatectl` kabla hujapanga.

Njia kamili ya `bundle` imetajwa kwa sababu cron haisomi mazingira ya mtumiaji. Amri inayofanya kazi ukiandika kwa mkono inaweza kufa ndani ya cron kwa "command not found". Hakiki mahali ilipo kwa `which bundle`. Na usipoandika `RAILS_ENV=production`, amri inaweza kutafuta hifadhidata ya mazingira ya watengenezaji programu ("development"), ambayo pengine haipo au ni tupu.

Simu badala ya barua pepe

Swali huja mapema: kwa nini isiwe WhatsApp, ambako watu wapo? WhatsApp kwa biashara humtaka mtumaji aanzishe mazungumzo kwa ujumbe wa kiolezo kilichoidhinishwa, isipokuwa mpokeaji awe ameandika ndani ya saa 24 zilizopita. Kwa arifa za kazi hilo ni mzigo. Boti ya Telegram ni nyepesi zaidi, ila kila mtu lazima aianzishe yeye kwanza. Boti haiwezi kumwandikia asiyewahi kuigusa. SMS hufika hata kwenye simu ya kitochi, na ujumbe mmoja una herufi 160: namba ya tiketi, kichwa kifupi na tarehe. Weka SMS kwa kipaumbele cha juu tu, maana kila moja inalipiwa. Njia hizi zote zinahitaji programu ndogo ya kuunganisha, na zote zinaruka mapendeleo uliyoyapanga kwenye swali la tatu. Mtu aliyezima arifa Redmine bado atapigiwa mlio usiku, usipoziheshimu mwenyewe ndani ya programu hiyo.

Kufuatilia arifa moja iliyopotea

Chukua tiketi moja na mtu mmoja. Usichunguze "arifa" kwa jumla. Fungua historia ya tiketi uone nini hasa kilibadilika, ukilinganishe na visanduku vya matukio. Kisha mfungue mtumiaji: akaunti iko hai? anwani ya barua ni sahihi? amechagua nini? Muulize aifungue tiketi akiwa ameingia kwa akaunti yake. Akiambiwa hana ruhusa, umeshapata jibu.

Yote hayo yakiwa sawa, nenda kwenye `log/production.log` utafute maneno "Email delivery error". Kuanzia toleo la 4.0, la Desemba 2018, Redmine hutuma arifa nyuma ya pazia ili mtumiaji asisubiri. Kwa kawaida foleni hiyo huwa kwenye kumbukumbu ya programu yenyewe, hivyo ukiwasha upya programu wakati foleni ina barua, zimepotea na hazirudi. Hili huonekana zaidi mahali ambapo programu huwashwa upya na ratiba usiku, au seva ina kumbukumbu ndogo na huua michakato. Wenye timu kubwa huhamishia foleni kwenye Sidekiq, programu ya kuendesha foleni, inayohifadhi kazi ndani ya hifadhidata ya Redis.

Ikiwa logi inaonyesha seva ya barua imeipokea, tafuta upande wa mpokeaji. Anza na folda ya taka. Tangu Februari 2024, Gmail hudai kila mtumaji awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) au DKIM (saini ya kidijitali ya kikoa) kwenye kikoa chake, na wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku wawe na vyote viwili pamoja na DMARC (kanuni ya nini kifanyike barua ikishindwa ukaguzi huo). Kikoa kisicho na rekodi hizo hupokelewa leo na kukataliwa kesho. Fungua barua yoyote ya Redmine iliyofika kwenye Gmail, chagua "Show original", na usome kama SPF na DKIM zimeandikwa PASS.

Lililobaki ni vichujio vya mpokeaji mwenyewe, kwani wengi walishatengeneza kanuni ya kuzihamisha barua zote za Redmine kwenye folda wasiyoifungua. Kila barua ina kichwa kilichofichika cha `X-Redmine-Issue-Assignee`, chenye jina la kuingilia la aliyekabidhiwa. Kwenye seva inayotumia Sieve, lugha ya kuandikia vichujio vya barua, kanuni hii huzitenga kazi zake na kelele nyingine:

```
require ["fileinto"];
if header :is "X-Redmine-Issue-Assignee" "amina" {
  fileinto "Kazi zangu";
}
```

Thunderbird nayo huweza kuchuja kwa kichwa hicho, ukikiongeza kwenye orodha ya vichwa vyake. Gmail haisomi vichwa vya aina hiyo katika vichujio vyake. Huko mpokeaji achuje kwa anwani ya mtumaji pamoja na jina lake kama linavyoonekana kwenye mstari wa mkabidhiwa ndani ya barua, akikumbuka kwamba mstari huo huandikwa kwa lugha aliyoichagua kwenye akaunti yake.